Askari Wetu Waliovuka Bahari: Ukumbusho wa Watu wa Keya, 1939–1945

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, twaandika katika kitabu hiki cha ukumbusho maneno machache juu ya askari wa Uganda waliokwenda kupigana ng'ambo katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kazi hii twaifanya kwa furaha na kwa hofu. Furaha, kwa kuwa deni hili limekaa mno bila kulipwa. Hofu, kwa kuwa wenye haki ya kusimulia karibu wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki; maana kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1944 alizaliwa mwaka 1926, na kila mtu aweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe.

Kabla hatujaendelea, msomaji na atazame jambo moja dogo. Askari wa Afrika ya Mashariki waliopigana Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, walistahili nishani iitwayo Burma Star. Ni nyota ya shaba yenye pembe sita, na utepe wake una rangi ya buluu, nyekundu na machungwa. Lakini nyota za vita vile, kwa desturi ya serikali ya Uingereza, zilitolewa bila kuchorwa jina la mwenyewe. Basi mzee akiisha kufa, na watoto wasipoandika, nyota ile hubaki kipande cha shaba ndani ya sanduku. Mjukuu huitoa, huigeuza huku na huku, asione jina wala kijiji wala mwaka. Hajui ni ya babu yake mzaa baba au mzaa mama, wala ilipatikana kwa jambo gani. Hilo ndilo tunalotaka kulisema katika makala haya yote: kwamba matendo ya watu hawa yalikuwa makubwa, na majina yao yanapotea mikononi mwetu.

ASILI YA ASKARI

Historia ya uaskari wa Waislamu katika Uganda ni ndefu kuliko vita tunavyovikumbuka, na yafaa tuianzie mbali kidogo. Katika karne ya 19, Khedive Ismail, mtawala wa Misri tangu mwaka 1863 hata 1879, alipeleka majeshi yake kupanda mto wa Nile mpaka kusini mwa Sudan, akafanya huko jimbo lililoitwa Ikweta. Gavana wa mwisho wa jimbo hilo alikuwa Emin Pasha, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1878. Mahdi alipoinuka katika Sudan, na Khartoum ilipotekwa mwaka 1885, jimbo lile lilikatika na Misri, na askari wake wakabaki hawana serikali. Emin alipoondoka na Stanley mwaka 1889, wengi wao walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya mkubwa wao Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwafikia huko akawaandika katika kazi ya Waingereza. Hao ndio wazee wa ndugu zetu Wanubi.

Haikuwa kazi ya raha. Walitumwa safari juu ya safari, na mshahara wao ulikuwa mdogo na ulichelewa, hata mwaka 1897 baadhi yao wakaasi, ikamwagika damu nyingi katika nchi ya Busoga. Lakini hata baada ya uasi ule serikali haikuacha kuwatumia. Tarehe 1 Januari 1902 majeshi ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati yaliunganishwa, yakaitwa King's African Rifles, nayo raia waliliita jeshi hilo Keya, kwa kufuata herufi tatu za jina lake. Batalioni ya 4 ilikuwa ya Uganda, na Bombo ikawa makao yake kwa miaka mingi.

Yako mambo mawili ambayo jeshi lile limeyapata kwa wazee hao, na watu wengi leo hawajui yalikotoka. La kwanza ni majina ya vyeo. Ombasha, shaushi, bulukamini, yote yalikuwa maneno ya jeshi la Misri na la Waturuki, yakaletwa huku na watu wa Ikweta. Na leo kila askari wa Afrika ya Mashariki, awe Mwislamu au si Mwislamu, anapomwita mkubwa wake "afande", hutamka neno lile lile "effendi". La pili ni mahali pa Kiswahili. Katika Keya walikutana watu wa makabila mengi ambao hawakuwa na lugha moja, na Kiswahili ndicho kilichotumika kuwafunza kwata na kuwapa amri. Mtu wa Acholi, wa Lango, wa Teso, wa Busoga au wa West Nile, aliyeingia kambini bila kujua neno, alitoka anakisema. Wengi waliosikia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika Uganda walikisikia ama msikitini na sokoni, ama kambini.

VITA VINAANZA

Vita vilipotangazwa mwezi wa Septemba 1939, Keya lilikuwa jeshi dogo. Vilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uganda peke yao walioandikwa katika majeshi walikuwa yapata 77,000. Hatusemi kwamba hao wote walikuwa Waislamu. Walio wengi hawakuwa. Wala hatusemi wote walikwenda kwa hiari. Wako waliokwenda kwa kupenda sifa ya uaskari, kama baba zao na babu zao. Wako waliofuata mshahara na nguo. Na wako waliotolewa na machifu kwa amri, wala hawakuulizwa. Si wote walioshika bunduki: wengine walikuwa madereva, wapishi, wahudumu wa hospitali, mafundi wa simu, na wachukuzi na wajenzi wa Payonia waliotumwa mpaka Misri na nchi za Mashariki ya Kati.

Vita vya kwanza vya Keya vilikuwa vya kupigana na Waitaliani katika Somalia na Uhabeshi. Vilianza kwa nguvu mwanzo wa mwaka 1941, na vikaisha tarehe 27 Novemba mwaka huo huo, Gondar iliposalimu amri. Mwaka uliofuata, 1942, brigedi ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, na mapatano ya kuacha vita huko yakafanywa mwezi wa Novemba. Wakati huo Japani ilikuwa imekwisha kuiteka Burma yote na kusogea hata mipaka ya Bara Hindi. Ndipo watawala walipoamua kwamba Mwafrika wa Mashariki, aliyezoea joto na msitu, ataweza kupigana huko. Mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ikavushwa mpaka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ifundishwe vita vya msituni. Katika divisheni hiyo batalioni za Uganda zilikuwa tatu: ya 4, ya 34 na ya 44. Batalioni ya 7, nayo ya Uganda, iliwekwa katika Brigedi ya 28 pamoja na Batalioni ya 46 ya Tanganyika na Batalioni ya 71 ya ndugu zetu Wasomali.

MELI YENYE JINA LA KHEDIVE

Msiba mkubwa kuliko yote uliolipata jeshi la Afrika ya Mashariki katika safari hizo haukutokea msituni. Ulitokea baharini.

Mwanzo wa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa meli ya abiria iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi ya vita, nayo iliitwa Khedive Ismail, kwa jina la yule mtawala wa Misri tuliyemtaja. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na miongoni mwao askari 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, na wanawake 83, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kutumika hospitalini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani, yaani manowari ipigayo vita chini ya maji, iliipiga meli ile. Haikuchukua hata dakika tatu, meli ikazama. Waliokuwa chini hawakupata nafasi ya kupanda ngazi. Manowari mbili za Waingereza zilizokuwa zikilinda msafara ziliishambulia nyambizi ile mpaka zikaizamisha. Lakini kwa watu wa Khedive Ismail mambo yalikuwa yamekwisha. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297.

Sisi tunaoamini kwamba hakuna kitokeacho ila kwa kudura, hatutaki kupiga ramli juu ya jina la meli. Lakini hatuwezi kulipita bila kutulia. Jina la Khedive Ismail ndilo lililowatoa wazee wa Kinubi katika nchi zao, likawaleta ukingoni mwa Ziwa Albert. Na baada ya miaka zaidi ya 60, jina lile lile liliandikwa ubavuni mwa meli iliyowachukua askari wa Afrika ya Mashariki wasirudi tena. Mara zote mbili mwenye jina alikuwa mbali, naye hakumjua hata mmoja wao.

Waliokufa siku ile hawana makaburi. Hawakuoshwa wala kukafiniwa, na hapana aliyewasalia akiwa amesimama mbele ya majeneza yao. Lakini Mwislamu ana faraja hapa, kwa kuwa hadithi sahihi zimemhesabu mwenye kufa kwa gharika ya maji miongoni mwa mashahidi. Hukumu ya nia za watu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi tunatarajia rehema yake juu yao.

RAMADHANI KATIKA BONDE LA KABAW

Divisheni ya 11, chini ya Meja-Jenerali Fowkes, iliingia vitani katikati ya mwaka 1944, baada ya Wajapani kushindwa Imphal. Desturi ya vita vya Burma ilikuwa kwamba mvua za masika ya Kihindi zikianza, majeshi yote mawili hukaa. Safari hii Jenerali Slim, mkubwa wa Jeshi la 14, alitaka adui asipumzike. Basi watu wa Afrika ya Mashariki wakaamriwa kumfuata adui katika mvua, toka Tamu kushuka bonde la Kabaw, mahali palipojulikana kwa malaria mbaya kuliko pengine popote pa nchi zile. Wenyewe walipaita Bonde la Mauti.

Njia iligeuka tope. Magari yalizama hata ekseli, na mara nyingi hayakuweza kupita kabisa. Posho na risasi zilidondoshwa kwa miavuli kutoka katika ndege, na mawingu yakizidi hata ndege hazikuja. Wagonjwa wa homa walikuwa wengi. Adui alijificha katika mashimo aliyoyachimba milimani, akiwa na bombom, akingoja mtu wa kwanza atokee katika kona ya njia. Askari wa mbele alijua kwamba atakayegundua mahali pa adui ni yeye, na pengine atakigundua kwa kupigwa.

Hapa twaomba Waislamu waangalie kalenda. Ramadhani ya mwaka 1363 Hijria iliandama yapata tarehe 20 Agosti 1944, na Idi ikawa yapata tarehe 18 au 19 Septemba. Siku hizo ndizo ambazo divisheni ilikuwa katikati ya matope ya Kabaw. Idi kubwa ya kuchinja ilikuwa yapata tarehe 26 Novemba, nayo ikawakuta katika mapigano ya korongo la mto Myittha, kati ya Kalemyo na Kalewa. Sheria yetu imempa msafiri na mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na imeweka namna ya kusali penye hofu ya adui, wala mtu asidhani kwamba aliyefungua kule alivunja dini. Lakini ni vizuri tukumbuke, tunapokaa pamoja magharibi kwa uji na tende, kwamba walikuwapo watu wa nyumba zetu waliouona mwezi ule ule kati ya mawingu ya nchi ya ugeni, na wengine hawakuuona mwezi wa mfunguo mosi.

Katikati ya Novemba watu wa Divisheni ya 11 walikutana Kalemyo na Divisheni ya 5 ya Wahindi iliyoshuka kwa njia nyingine, nao miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi. Tarehe 2 Desemba 1944 wakaitwaa Kalewa, penye ukingo wa mto mkubwa wa Chindwin. Wakavuka kwa mashua wakapata mahali pa kusimama ng'ambo, na nyuma yao mafundi wakajenga daraja la vipande vya chuma, aina ya Bailey, lenye urefu wa futi 1,154, ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ya aina hiyo duniani. Kwa daraja lile majeshi ya kuikomboa Burma yalipita. Wanaosoma vitabu vya vita husoma habari za daraja. Ni haki wasome pia kwamba njia ya kulifikia ilifunguliwa na watu wa Keya, kwa miguu yao, katika mvua.

Brigedi ya 28, yenye Batalioni ya 7 ya Uganda, ilipewa kazi ya namna nyingine. Mwezi wa Februari 1945 Waingereza walitaka kuuvuka mto Irrawaddy kwa siri mahali paitwapo Nyaungu. Brigedi ile ikapelekwa Seikpyu, kusini zaidi, ijionyeshe, ili Wajapani wadhani mto utavukwa pale. Hila ilifaa, na mto ukavukwa Nyaungu tarehe 14 Februari. Walakini mwenye kujionyesha ndiye apigwaye: adui aliwashambulia vikali, wakarudishwa nyuma mpaka Letse. Ni kazi isiyo na sifa kubwa katika vitabu, kwa kuwa aliyevuka mto hutajwa kwanza. Lakini mto usingevukwa kwa wepesi ule pasipo wao.

KURUDI

Vita vilikwisha mwezi wa Agosti 1945, na watu wakaanza kurudishwa makwao. Waliachishwa jeshi kwa cheti na kwa fedha kidogo za kuagwa. Fedha hizo hazikukadiriwa kwa kazi tu. Zilikadiriwa kwa rangi. Nyaraka za serikali zilizofunuliwa mwaka 2019 zaonyesha kwamba askari mweupe katika makoloni alipata yapata mara tatu ya malipo ya Mwafrika wa cheo hicho hicho kwa kila mwezi wa utumishi. Wote wawili walikuwa wamekunywa maji ya bonde moja.

Katika jambo la makaburi, haki ilifanywa zaidi. Waliokufa Burma wasijulikane walipolala wameandikwa katika ukumbusho mkubwa wa Taukkyan, karibu na Rangoon, wenye majina karibu 27,000 ya watu wa mataifa mengi. Askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wameandikwa Nairobi, katika makaburi ya vita. Hili si jambo dogo. Katika vita vya kwanza, vya 1914 hata 1918, wachukuzi na askari wa Kiafrika hawakupewa heshima hiyo. Taarifa ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa mwaka 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo aliyekufa katika vita vya pili aweza kuwa na jina juu ya jiwe. Lakini aliyerudi? Huyo hakuandikwa juu ya jiwe lolote. Alirudi na homa yake, na ndoto zake za usiku, akalima, akawa mlinzi au dereva au mwalimu wa kwata shuleni, akafa miaka 30 au 50 baadaye. Jiwe lake lilikuwa sisi.

KWA NINI TULINYAMAZA

Si haki kuwalaumu wageni peke yao. Jamii yetu pia ilinyamaza, na sababu yake yajulikana, ingawa haitajwi sana katika mikutano.

Mwaka 1971 serikali ya Uganda ilitwaliwa na Jenerali Idi Amin, aliyekuwa mtu wa Keya, na Mwislamu. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979, watu wengi wasio na hatia walilipizwa kisasi kwa sababu ya dini yao au kabila lao. Wanubi wa Bombo na wa miji mingine walikimbia kwa maelfu, wengine Sudan, wengine Kenya, wengine Zaire, na nyumba zao zikaporwa. Pamoja na mali zilipotea na zile sanduku: vyeti, picha, barua na nishani. Waliporudi, neno "askari wa Kinubi" lilikuwa limekuwa neno la kuogofya. Ni mzee gani angekaa barazani na kujisifu kwamba aliwahi kuwa askari? Alinyamaza ili wajukuu wake waishi kwa amani. Ndivyo watu wa Kalewa walivyofunikwa na aibu ya mambo ambayo hawakuyatenda.

Hapo ndipo twaona hasara ya kutoandika. Yaliwahi kuenea maneno kwamba Amin mwenyewe alipigana Burma, na mpaka leo yanarudiwa. Lakini habari zijulikanazo za utumishi wake zaonyesha kwamba aliandikwa jeshini mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Historia isiyoandikwa na mwenyewe huvaliwa na mwingine, kama kanzu iliyosahauliwa msikitini.

JE, VITA VILIKUWA VYETU?

Wako vijana watakaouliza: kwa nini tuwakumbuke watu waliopigana vita vya mtawala wa kigeni? Hawakuwa wakilinda Uganda. Walipokwenda walikuwa raia wa koloni, na waliporudi walikuwa raia wa koloni, mpaka tarehe 9 Oktoba 1962.

Swali hili ni la haki, wala hatulijibu kwa kelele. Kweli, vita havikuwa vyao. Hawakuulizwa vianze wala viishe. Lakini vita kuwa si vyako ni jambo moja, na matendo yako ndani ya vita ni jambo jingine. Aliyembeba mgonjwa mgongoni katika matope ya Kabaw, hakubeba himaya ya Uingereza; alibeba mtu. Aliyegawana maji yake na mwenzake wa kabila jingine, kitendo kile ni chake mwenyewe, na Mola wake amekiandika. Kadhalika wako waliofunguka macho huko, kwa kumwona Mzungu akiogopa na akishindwa kama mtu mwingine yeyote. Waruhiu Itote wa Kenya alikuwa koplo wa Keya Burma kabla ya kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Hatutukuzi vita, hakuna mwenye akili atukuzaye jambo lililomeza watu 1,297 kwa dakika chache. Twawakumbuka watu.

WAJIBU ULIOBAKI

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopata habari ya kufa kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliwapanga sahaba zake safu akamsalia, hali maiti yuko ng'ambo ya bahari. Katika madhehebu ya Imamu Shafi hilo ndilo asili ya sala ya maiti asiyekuwapo. Ndugu zetu wa madhehebu nyingine wana rai yao katika sala hiyo, nasi twaiheshimu. Lakini dua haina hitilafu. Twapendekeza basi kwamba kila mwaka, Ijumaa iliyo karibu na tarehe 12 Februari, waombewe dua misikitini wote waliokufa baharini na msituni, na wote waliorudi wakafia nyumbani.

La pili ni kazi ya kalamu. Jumuiya na ifungue daftari la majina, na kila nyumba ilete iliyo nayo. Andikeni jina lake na jina la baba yake. Andikeni mtaa aliotoka, batalioni yake na namba yake, ikiwa cheti kipo. Andikeni nchi alizozitaja, hata kama alizitamka kwa namna yake. Kwa kuwa mzee aliyesema "Kalewa" au "Silani" alikuwa akiwapa ushahidi. Andikeni wimbo aliouimba na neno alilolisema alipokuwa na homa. Mwenye nyota isiyo na jina, na aikunje katika karatasi yenye jina. Na mama zetu wazee waulizwe kwanza, kwa kuwa wao ndio waliongoja, na aliyengoja hukumbuka tarehe kuliko aliyekwenda.

Wala tusiwaandike Waislamu peke yao. Katika shimo moja walilala Mwislamu, Mkristo na mwenye mila ya wazee wake, wakiitana kwa Kiswahili gizani. Jirani akileta jina la babu yake, na lipokewe kwa heshima ile ile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama na waliozikwa ugenini, ayanawirishe makaburi ya waliorudi, na atujaalie sisi tuliobaki tusiwe watu wa kupokea amana na kuipoteza. Amin.